Shuka Lenye Mshono Katikati

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakinyang'anywa vitu vya kila aina. Nimeona mtu akivuliwa viatu barabarani, na mwingine akitolewa nyumbani kwake huku paa linashushwa nyuma yake. Lakini sikuwahi kuona kitanda kikitanduliwa Jumapili asubuhi, wenyewe wakiwa bado wako juu yake, mpaka siku Kalamu Tatu alipoingia kwa jirani zangu. Na kwa kuwa mdomo uliomleta ni huu wangu, nimeona heri niandike mwenyewe kabla watu hawajanisemea.

Jirani ninayemsema tunamwita Mama Pasi. Kazi yake ni kupiga pasi mashuka katika hoteli kubwa iliyo juu ya barabara, ile yenye madirisha ya vioo vyeusi. Mwaka huu unatimia wa kumi na nne, na hajawahi kuingilia mlango wa mbele. Anapita nyuma, kwenye mapipa, anashuka ngazi saba hadi chumba cha dobi. Humo kuna mashine yenye magogo mawili ya chuma, mapana kuliko mlango, yanazunguka yakiwa ya moto. Shuka linaingia upande huu likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Wawili wanalisha, wawili wanapokea na kukunja. Ukichelewa kuondoa mkono, gogo halina jamaa. Mama Pasi ana kovu kwenye kila kidole cha mkono wa kulia isipokuwa cha shahada, naye husema hicho Mungu amemwachia kizima ili apate cha kuwaonyeshea wajinga.

Mumewe ni fundi wa lipu. Ukitaka ukuta uliolainika kama shavu la mtoto, mwite yeye. Ila saruji inayokulainishia ukuta ndiyo inamla miguu. Ana magaga kwenye nyayo, unaweza kuchomeka sarafu ikasimama. Wana binti wawili, mmoja wa miaka kumi na moja, mwingine anaanza kung'oa meno ya mbele, na vyumba viwili vinavyotazamana na changu.

Sasa hilo shuka. Pale dobi, shuka la hoteli linachakaa katikati, mahali ambapo miili inalala, kingo zinabaki nzima. Likifika hali ya kuuona mkono wako ukiupitisha chini yake, msimamizi wa zamani, mama mmoja mnene aliyekwisha kustaafu, alikuwa analichukua na kulikata kwa mkasi kwa urefu, katikati kabisa, ili mtu asije akalirudisha kwenye kitanda cha mgeni. Vile vipande viwili vinaitwa matambara, na mfanyakazi anayetaka anachukua. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua kama anavyoijua njia ya chooni.

Watu walichukua wakapigia deki, wakafungia maandazi. Mama Pasi akaviangalia vipande viwili vya shuka moja, akaona ambacho wenzake hawakukiona. Mkasi umepita kwenye ubovu. Uzuri wote umebaki pembeni.

Akaniletea kwenye mfuko. "Babu, geuza," akaniambia. "Kingo za nje zije zikutane katikati. Huku palipokatwa pawe nje, upunguze palipooza, ukunje pindo."

Mimi maisha yangu yote nimeshona turubai za malori. Cherehani yangu ina sindano ambayo fundi wa nguo akiiona anafanya toba. Nikamwambia hivyo. Akasema mkono ni mkono. Nikashona, na kitambaa laini kile kikawa kinanikimbia chini ya sindano. Nilipomaliza akalitandaza mezani kwangu, akaufuata mshono kwa kile kidole chake kizima kutoka juu hadi chini.

"Babu, mshono umelewa."

"Haujalewa, mama. Umechoka tu njiani."

"Basi ulale. Si ndiyo kazi ya shuka."

Kuna kitu kimoja zaidi. Hoteli ile inatia alama kila shuka lake, nyota ndogo ya uzi mwekundu, kwenye pembe ya upande wa miguuni. Tulipogeuza kingo, nyota ikaja ikakaa katikati ya shuka, miguuni, ubavuni mwa mshono wangu mlevi. Nikachukua wembe niifumue. Akanishika mkono.

"Iache. Nimeipiga pasi miaka yote hii, na yenyewe inijue kwangu."

Ndivyo Jumapili zao zilivyoanza.

Jumamosi jioni Fundi akitoka kazini anakaa kwenye kigoda uani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anasugua magaga kwa kipande cha jiwe mpaka watoto wanamwuliza kama anatafuta miguu mingine huko ndani. Kisha anapaka mafuta ya mgando, anavaa soksi nyeupe. Ndiyo, soksi za kulalia. Magaga yake yangelichana lile shuka kama msumeno. Mkewe naye anawasha pasi ya mkaa, mtu aliyepiga pasi siku sita, na anapiga ya saba kwa hiari yake, foronya mbili na shuka moja, taratibu, bila gogo la kumfukuza.

Asubuhi hawaamki. Hilo ndilo jambo lenyewe. Wanalala mpaka jua lipande, watu wazima wenye akili zao, juu ya shuka jeupe lililonyooka, wanaitana bwana na bibie. Saa tatu binti mkubwa anakuja na sinia, vikombe viwili vya chai, kitambaa begani kama alivyosimuliwa na mama yake. Anagonga.

"Hodi, chai ya wageni."

"Wageni bado wamelala," anajibu mama.

"Chumba namba ngapi?"

"Namba moja," anaguna Fundi. "Namba mbili bado sijaipiga lipu."

Mdogo mtu anaangua kicheko kila Jumapili kana kwamba hajawahi kuisikia. Mimi huwa nimekaa mlangoni kwangu naota jua, na sikumbuki kama niliwahi kuchoka kuwasikia. Basi ni hayo tu. Kitambaa kilichokataliwa, chai, na saa mbili za kutoamka. Kama kuna mtu anaona hayo ni makubwa mno kwa mpiga pasi na fundi lipu, nakaribisha aje aniambie mimi.

Na alikuja.

Nilikuwa kwa fundi viatu, nimevua kiatu kimoja nangoja soli. Pembeni yangu amekaa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni: nyeusi, bluu na nyekundu. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza habari za mtaa. Mimi tena, ukinikalisha na kiatu kimoja nikapata wa kunisikiliza, hata habari za marehemu wa jirani utazipata. Nikamsimulia jinsi kwetu kuna watu wanaishi kama wafalme kila Jumapili. Nikamweleza soksi, chai, sinia. Nilipofika kwenye nyota nyekundu akaacha kucheka, akauliza kwa upole wanakaa upande gani. Nikamwonyesha. Akatoa ile kalamu nyekundu akaandika kitu kwenye kiganja chake. Nikadhani ni mtu wa kupenda hadithi.

Kumbe ndiye msimamizi mpya wa dobi, na pale dobi walikuwa wamepotelewa na mashuka sita. Wafanyakazi walikwisha mpa jina la Kalamu Tatu, na Mama Pasi alikuwa akimtaja mara kwa mara, lakini sura yake sikuwahi kuiona. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Jumapili hiyo nimekaa kama kawaida. Binti amekwisha peleka chai. Naona kijana anaingia uani na mlinzi wa hoteli mwenye sare nyuma yake. Nikampungia mkono, mjinga mimi. Hakuniangalia. Akasema hodi akiwa amekwisha ingia.

"Wageni bado wamelala," binti akamwambia huku akicheka, akidhani ni mchezo unaendelea.

Nikainuka. Nilipofika mlangoni Kalamu Tatu amesimama miguuni mwa kitanda, ameshika ncha ya shuka kwa vidole viwili. Fundi na mkewe wamekaa wima, kila mtu na kikombe chake.

"Hili ni shuka la hoteli," akasema. "Nyota hii hapa."

"Ni matambara ya hoteli," Mama Pasi akamjibu. "Nilipewa vipande viwili."

"Tambara gani jeupe hivi?"

"Jeupe kwa sababu nalifua mimi."

"Inukeni."

Fundi akaweka kikombe chini polepole. "Kijana, unamwambia nani ainuke kitandani kwake?"

Kalamu Tatu akakaza mkono. Akavuta. Alilivuta shuka kwa mikono miwili kama mtu anayetoa ng'ombe shimoni, watu wakiwa juu yake. Kikombe cha Mama Pasi kikamponyoka, chai ikasambaa kwenye ule weupe. Akaendelea kuvuta mpaka likatoka lote, akalikunjakunja na doa lake, akalitia kwapani.

Godoro likabaki wazi. Ninyi mnajua godoro lilivyo. Godoro ni siri ya nyumba. La kwao lina kiraka cha gunia upande mmoja, na mabonde mawili mahali wanapolala, na madoa ya watoto wawili walipokuwa wadogo. Majirani walikuwa wamekwisha fika, shingo ndefu. Ndipo yule binti mkubwa, ambaye hakuna aliyemtuma, akasimama katikati ya mlango, akaliinua sinia kwa mikono miwili mbele ya nyuso zao, akaziba. Alisimama tu hivyo.

Fundi akasimama. Ni mtu mpana, na alikuwa amekunja ngumi.

"Keti," mkewe akamwambia. "Umevaa soksi."

"Soksi zinahusu nini hapa?"

"Nje kuna matope na soksi nimezifua jana. Keti, baba watoto."

Akaketi. Mlinzi alikuwa anatazama dari. Kalamu Tatu akasema, "Kesho usiende kwenye mashine. Uje moja kwa moja kwa meneja. Na ushukuru sikuja na polisi."

"Nitakuja," akasema Mama Pasi. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Mimi nimefanya kazi na watu wenye hasira, madereva wa malori ni watu wenye hasira, na wanaopiga kelele sijawahi kuwaogopa.

Walipoondoka, yule mdogo akakusanya vikombe. "Wageni wameshaondoka," akasema. Hakuna aliyecheka.

Mchana nikaenda kumwambia ukweli. Nilimkuta anafua foronya, foronya ambazo hazikuwa na doa. Nikamweleza habari za fundi viatu, kiatu kimoja, kalamu nyekundu, yote. Alisugua mpaka nilipomaliza.

"Babu, mdomo wako hauna kitasa."

"Sina la kusema, mwanangu."

"Unalo. Umelisema kwa asiyehusika, kesho utalisema kwa anayehusika. Uvae shati safi."

Nikavaa. Jumatatu asubuhi tukapita kwenye mapipa, tukashuka zile ngazi saba. Meneja alikuwa ofisini kando ya dobi, mtu mwenye sauti laini, kila sentensi inaanza na jamani. Shuka liko mezani kwake, doa limekauka. Kalamu Tatu amesimama upande wa kulia. Akaeleza mashuka sita, akaeleza nyota, akaeleza kuwa mzee huyuhuyu ndiye aliyemsimulia. Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo.

"Jamani, mama, una la kusema?" meneja akauliza.

"Nina la kuonyesha. Kwenye meza ya kukunjia."

Akalichukua shuka mezani bila kungoja ruhusa, akatoka nalo hadi kwenye ile meza ndefu mbele ya mashine, sisi nyuma yake. Wenzake walikuwa wanalisha mashuka ya siku ile. Akalitandaza la kwake. Akachukua moja la hoteli kwenye rundo, akalitandaza ubavuni.

"Nyota ya hoteli inakaa wapi?" akamwuliza Kalamu Tatu.

"Kwenye pembe."

"Hii iko wapi?"

Akaangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliangalia. Alikuwa amesimamia mashuka miezi mitatu, ameyahesabu asubuhi na jioni yakiwa yamekunjwa, na hakuwahi kulitandaza hata moja.

"Katikati," akasema.

"Imefikaje katikati? Ilitembea?"

Mmoja wa wapokeaji akakohoa. Mama Pasi akaweka kile kidole chake kizima juu ya mshono, akaufuata kutoka juu hadi chini, kila mahali ulipopinda naye akapinda.

"Sasa niambie, mwanangu, ni mgeni gani wa hoteli hii aliwahi kulalia mshono kama huu?"

Hapo wakacheka, dobi nzima. Nami nikasema langu: kwamba mshono ni wangu, uzi ni wa turubai, atakayetaka auvute aone kama utakatika, na kwamba lililoletwa kwangu lilikuwa vipande viwili vilivyokwisha pita mkasini. Mwanamke mzee kwenye mashine akasema mkasi wenyewe ule pale, umening'inia msumarini, na desturi kila mtu anaijua.

"Hata matambara ni mali ya hoteli," akasema Kalamu Tatu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Jamani, yaishe," akasema meneja. "Mama, rudi kazini. Imekuwa bahati mbaya. Nitakupa shuka jipya kabisa, uende nalo nyumbani."

Mama Pasi akalikunja la kwake. Alilikunja kama wanavyokunja pale, ncha kwa ncha, kana kwamba kuna mgeni analisubiri.

"Jipya sitaki. Nataka aje alitandike hili pale alipolitandua."

"Jamani, mama, hilo nalo..."

"Aliingia chumbani kwangu. Hakuna aliyemwambia ni kazi ngumu. Alipata nafasi ya kuja Jumapili, atapata ya Jumatatu."

Meneja akaanza kusema habari za heshima ya cheo. Ndipo yule mwanamke mzee akanyoosha mkono ukutani, akazima mashine. Sikujua chumba kile kinaweza kuwa kimya. Magogo yakazunguka kidogo yenyewe, yakasimama, na mvuke ukabaki unapanda. Wengine wakakunja mikono. Wageni wa siku hiyo walikuwa wanaingia saa nane, na rundo la mashuka mabichi lilikuwa linafika kifuani.

Meneja akaangalia rundo, akaangalia saa. "Nenda," akamwambia Kalamu Tatu. "Nenda haraka, urudi."

Tukaenda watatu, kwa miguu, jua la saa sita. Watoto walikuwa wametoka shule kula. Fundi alikuwa kazini, na ninashukuru. Mama Pasi akafungua mlango, akampa shuka, akasogea pembeni.

Yule kijana akalirusha juu ya godoro. Likaenda upande. Akalivuta huku, likapungua kule. Akalichomeka chini kama mtu anayeficha kitu.

"Pembe," akasema Mama Pasi.

Akachomoa, akaanza tena. Pembe ya hoteli inakunjwa kama bahasha, kila mtandika vitanda wa orofa za juu anaijua. Yeye aliiviringa tu.

"Pembe."

Mara ya tatu kalamu moja ikamdondoka mfukoni ikaingia uvunguni. Akapiga magoti kuitafuta, na akiwa hapo chini, uso karibu na kile kiraka cha gunia, akasema, "Samahani, mama."

"Sikukuita uombe samahani. Nimekuita utandike. Pembe."

Binti mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Akaingia, akampita yule mtu bila kumgusa, akainua ncha ya shuka, akaikunja mara moja tu, akaiingiza. Bahasha kamili. Akamtazama.

"Hivyo," akasema.

Akafanya zile zilizobaki mwenyewe, kijana. Zilikuwa mbaya, lakini zilikuwa pembe. Mama Pasi akalainisha katikati kwa kiganja, akamfungulia mlango.

Yale mashuka sita yalionekana Jumatano. Yalikuwa kwenye kabati la chumba cha mikutano, mtu aliyafunikia meza akayasahau. Hakuna aliyeshuka ngazi saba kuja kumwambia Mama Pasi. Aliyasikia kwa mfagiaji. Na wiki hiyohiyo likabandikwa tangazo kwamba kuanzia sasa matambara yote yanachomwa moto nyuma ya jiko, kwa amri ya meneja. Wanachoma kitambaa kizuri, kwa makusudi, ili asije mtu akalala vizuri.

Jumapili iliyofuata nikakaa mlangoni. Jumamosi Fundi alikuwa amesugua miguu, nilimwona, lakini kimya kimya. Saa tatu binti akatoka na sinia, akafika mlangoni kwa wazazi wake, akasimama. Mkono aliuinua kugonga, akaushusha. Chai inatoa moshi. Nikaona anageuka kurudi.

"Nani yuko hapo nje?" ikaja sauti ya mama yake kutoka ndani, kali. "Hoteli gani hii, chai inapoa mlangoni?"

Binti akagonga.

"Hodi, chai ya wageni."

"Wageni bado wamelala."

Binti akauliza namba ya chumba. Kisha nikamsikia Fundi akiguna ile namba yake, na yule mdogo akaangua kicheko.

Doa bado lipo. Mama Pasi ni mwanamke anayetoa madoa ya divai, anayetoa damu, anayetoa wino na rangi ya midomo, miaka kumi na minne ya dobi imemfundisha. Siku moja alipokuwa analianika nikamwuliza kama doa la chai ndilo lililomshinda.

"Halijanishinda, Babu," akasema, akibana kibanio kwenye kamba. "Sijaligusa."